Sauti Tatu, Mapigo Kumi na Sita: Wimbo wa Hip Hop Mikononi mwa Mwanafunzi wa Piano

Walimu wa piano wana mazoea ya siku nyingi ya kumwanzishia mwanafunzi nyimbo za watoto, kisha tenzi, kisha vipande vyepesi vya watunzi wa Ulaya wa karne ya 18, huku hip hop ikiachwa kando kama burudani ambayo mwanafunzi ataitafuta mwenyewe akifika nyumbani. Mazoea hayo yanastahili kuangaliwa upya, si kwa sababu vijana wanaupenda muziki huo, ingawa kweli wanaupenda, bali kwa sababu wimbo mwepesi wa hip hop humfundisha mwanafunzi jambo ambalo vitabu vingi vya hatua ya kwanza hulipitia kijuujuu, nalo ni kutunza mwendo: kuigawa dakika katika vipande vilivyo sawa na kubaki humo bila kuharakisha wala kuzubaa, hata pale vidole vinapokuwa havina jambo jipya la kufanya. Wimbo wa aina hiyo huwa mwepesi kwa mkono na mgumu kwa sikio, na ugumu huo ndio unaoufanya ufae kuwa somo la kwanza badala ya kuwa zawadi ya baada ya somo.

Wepesi wenyewe una historia yake. Hip hop huhesabiwa kuwa ilizaliwa tarehe 11 Agosti 1973 katika mtaa wa Bronx, New York, kwenye sherehe iliyofanyika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, ambako mpiga santuri mzaliwa wa Jamaika aitwaye Clive Campbell, maarufu kwa jina la DJ Kool Herc, aliwachezesha vijana wenzake. Herc alitambua kwamba wachezaji huchangamka zaidi pale waimbaji na ala nyingine zinaponyamaza na kuwaachia wapiga ngoma uwanja kwa sekunde chache, na kwa kutumia santuri mbili za wimbo mmoja akawa anakirudia kipande hicho tena na tena, moja ikimaliza nyingine inaanza. Hip hop ilianza, basi, kama sanaa ya kuchagua kipande kifupi na kukifanya kistahimili kurudiwa, na tabia hiyo haikupotea mashine zilipochukua nafasi ya santuri. Mashine ya SP-1200, iliyotolewa na kampuni ya E-mu mwaka 1987 na kupendwa sana na watayarishaji wa New York, iliweza kuhifadhi takriban sekunde 10 tu za sauti kwa jumla, kwa hiyo mtayarishaji alilazimika kuamua ni sekunde gani zinazotosha kuubeba wimbo mzima.

Piano iliingia katika muziki huo kwanza kama sampuli, yaani kipande cha sauti kilichokatwa kutoka katika rekodi ya mtu mwingine na kupandwa katika wimbo mpya. Mfano unaotajwa sana ni wimbo "The World Is Yours" wa Nas, wa mwaka 1994, ambao mtayarishaji wake Pete Rock alichukua sauti za piano kutoka katika "I Love Music", rekodi ya mwaka 1970 ya mpigaji jazi Ahmad Jamal. Mwanafunzi anayesikia kipande hicho akadhani ni chepesi kwa sababu ni kifupi atashangaa akikijaribu, kwa kuwa kilichokatwa ni sekunde chache za mpigaji aliyekwishakomaa, zenye mguso laini na sauti zilizopangwa kwa ustadi wa jazi, na ufupi wa kipande haupunguzi chochote katika ujuzi uliokizaa. Nyimbo za sampuli, kwa sababu hiyo, si mahali pazuri pa kuanzia, hata kama ni mahali pazuri sana pa kufikia.

Kilichofungua mlango kwa mwanafunzi, kwa sehemu kubwa, ni sheria. Mwezi Desemba 1991 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kesi iliyohusu msanii Biz Markie, ambaye wimbo wake ulikuwa umetumia sampuli ya piano kutoka katika "Alone Again (Naturally)" ya Gilbert O'Sullivan bila idhini, na jaji alilichukulia jambo hilo kama wizi wa wazi. Tangu hapo kampuni za muziki zikawa na hofu, gharama za kuomba ruhusa zikapanda, na watayarishaji wengi wakaona ni afadhali kumwita mpigaji studio na kumwomba apige kitu kipya chenye nguvu ileile ya kurudiwa. Piano ya hip hop ikatoka katika santuri na kurudi katika vidole vya mtu, na kilichotungwa kwa vidole vya mtu kwa ajili ya kurudiwa ndicho kinachofaa zaidi kufundishiwa.

Hakuna kielelezo bora cha hali hiyo kuliko "Still D.R.E.", wimbo ambao Dr. Dre alimshirikisha Snoop Dogg na kuutoa mwaka 1999 katika albamu yake iitwayo "2001". Kinanda cha wimbo huo kilipigwa na Scott Storch, ambaye kabla ya hapo alikuwa mpiga kinanda wa kundi la The Roots la Philadelphia, huku mistari ikiandikwa na Jay-Z, jambo linaloonyesha kwamba wimbo unaosikika kuwa mwepesi ulikusanya mikono ya mafundi kadhaa. Tarehe 13 Februari 2022, onyesho la mapumziko la fainali ya kandanda ya Kimarekani katika uwanja wa SoFi mjini Inglewood, California, lilifungwa kwa wimbo huohuo, na ilitosha piano kupiga sauti za mwanzo tu ili uwanja mzima uutambue.

Sauti zenyewe zinaweza kuelezwa kwa njia ambayo kila mwanakwaya wa Afrika Mashariki ataielewa bila kujua kusoma nota za mistari mitano, yaani kwa ule mfumo wa kuandika do, re, mi kwa herufi ambao ulianzia Uingereza katika karne ya 19, ukaenezwa na John Curwen, kisha ukabebwa na wamisionari hadi katika vitabu vya kwaya ambamo bado unatumika. Mwanafunzi akiifanya do kuwa ile sauti ambayo wapiga kinanda huiita C, yaani kitufe cheupe kilicho kushoto tu mwa jozi ya vitufe viwili vyeusi, basi mkono wa kulia katika "Still D.R.E." unahitaji vitufe vyeupe pekee. Kidole gumba kinakaa juu ya do, kidole cha shahada au cha kati juu ya mi, na kidole cha mwisho juu ya la iliyo juu yake. Sauti hizo tatu hupigwa kwa pamoja mara 8. Baada ya hapo gumba linashuka kitufe kimoja hadi ti huku vidole vingine vikibaki palepale, na sauti ti, mi, la hupigwa mara 3. Mwishowe kidole cha juu nacho kinashuka kitufe kimoja kutoka la hadi so, na sauti ti, mi, so hupigwa mara 5. Hayo ni mapigo 16, na yakiisha mkono unarudi mwanzo.

Inafaa kulitazama jambo hili kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna somo kamili la kupanga sauti. Sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa wakati mmoja huitwa kodi, na kodi ya la, do na mi huitwa kodi ndogo, aina ambayo masikio ya wengi huihusisha na huzuni au uzito wa moyo. Storch hakuipanga kodi hiyo kwa kuanzia la chini, bali aliigeuza ili do iwe chini na la iwe juu, na mgeuzo huo, ambao mwanafunzi anaweza kuujaribu kwa kuhamisha la kutoka chini kwenda juu, ndio unaofanya kila badiliko, kabla ya mkono kurudi mwanzo, lihitaji kidole kimoja tu kusogea kwa hatua moja. Sauti ya kati, yaani mi, haiondoki mahali pake tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu anayemweleza mwanafunzi kwamba kodi nzuri huunganishwa kwa mwendo mfupi wa vidole anaweza kulizungumza jambo hilo kwa saa nzima bila kueleweka, ilhali kipande hiki kinalionyesha chini ya mkono kwa sekunde tano.

Kodi ya pili nayo ina siri yake. Mkono wa kushoto ukishika mi ya chini, sauti ti, mi na la zinazosikika juu yake huacha hisia ya jambo lisilokamilika, kwa kuwa sikio linaisubiri so na badala yake linapewa la, sauti jirani iliyoning'inia kama mtu aliyesimama mlangoni bila kuingia. Wanamuziki huiita kodi ya aina hiyo kodi iliyoning'inizwa. La inaposhuka hatimaye hadi so, sikio hupata kile lilichokuwa likikisubiri, lakini hupata utulivu wa muda tu, maana mkono unarudi mara moja kwenye kodi ya kwanza na mzunguko unaanza upya. Hiyo ndiyo sababu kipande kinaweza kurudiwa kwa zaidi ya dakika nne bila kumchosha msikilizaji: kila mzunguko una swali dogo na jibu dogo, na jibu halikawii kugeuka kuwa mwanzo wa swali linalofuata.

Hata hivyo, kosa ambalo wanafunzi hulifanya mara nyingi haliko katika sauti bali katika hesabu ya yale mapigo 3 na 5. Muziki huu hugawanywa katika vipimo, yaani mafungu ya mapigo makuu manne manne, na kila pigo kuu limekatwa nusu kwa nusu, kwa hiyo kila kipimo kina nusu 8. Kipimo cha kwanza hakina tabu, kwani nusu zote 8 ni za kodi moja. Katika kipimo cha pili, mkono wa mwanafunzi uliozoea mafungu yaliyo sawa hutaka kupiga kodi ya pili mara 4 na ya tatu mara 4, ili badiliko liangukie juu ya pigo kuu la tatu, mahali ambapo mguu unagonga sakafu. Wimbo haukubali hivyo. Badiliko huja nusu pigo kabla, katika ile nafasi ambayo mguu uko juu hewani, na la inakuwa imeshageuka so wakati mguu unapotua. Mapigo hayo yakifanywa 4 na 4, vitufe vinabaki vilevile, vidole vilevile na kasi ileile, lakini kipande kinapoteza uhai na kufanana na zoezi la darasani. Msikilizaji asiyejua neno lolote la nadharia ya muziki hutambua papo hapo kwamba kuna kitu kimeharibika.

Njia nzuri ya kulishinda kosa hilo ni kuiacha piano kwanza. Mwanafunzi akae, agonge mguu kwa mapigo makuu, apige makofi kwa nusu zote 16, na kutamka kwa sauti majina ya do, ti na so pale tu kodi inapobadilika, hadi so ianze kujileta yenyewe mguu unapoinuka. Zoezi hili si geni kwa mtu aliyekulia katika ngoma za Afrika Mashariki, ambamo mkono mmoja hushikilia mwendo huku mwingine, au sauti ya mwimbaji, ukiingia pembeni mwake; ni ajabu kwamba mwanafunzi huyohuyo, akikalishwa mbele ya piano, mara nyingi huambiwa asahau anachokijua mwilini na kuanza upya kwa kuhesabu kwenye karatasi.

Vidole vikirudi juu ya vitufe, tatizo linalofuata ni mkono kukaza. Wimbo wenyewe unakwenda kwa kasi ya takriban mapigo makuu 93 kwa dakika, maana yake ni kwamba kodi hupigwa mara 186 kwa dakika, zaidi kidogo ya mara 3 kwa kila sekunde, na mwanafunzi anayekusudia kuupiga kwa dakika 4 bila kupumzika atapiga zaidi ya mara 700. Anayepiga kwa nguvu za vidole pekee huanza kusikia maumivu kwenye kigasha kabla ya dakika ya kwanza kwisha, na maumivu hayo ni onyo la kusimama, wala si jambo la kuvumilia kishujaa. Kiwiko kinapaswa kuwa huru, kifundo cha mkono kilegee na kuchezacheza kidogo kwa kila pigo, na vidole visiruke juu bali vibaki karibu na vitufe, vikiviachia kupanda kiasi kidogo tu kabla ya kuvisukuma tena. Mguso uwe mfupi, wa kudonoa, kwa kuwa kodi zikivutwa na kuungana hupoteza makali yanayofanya kinanda kisikike kama sehemu ya ngoma.

Uwezo wa kupiga kitufe kilekile kwa haraka bila kukiachia kupanda hadi juu kabisa haukuwepo katika piano za zamani. Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu na mwaka 1700, na wazo lake kuu lilikuwa nyundo ndogo inayogonga uzi na kurudi nyuma mara moja, lakini ni mwaka 1821 ambapo familia ya Érard, watengenezaji wa Paris, walipata hataza ya mtambo unaoiacha nyundo ikiwa karibu na uzi, tayari kugonga tena. Piano, kwa maana hiyo, ni ala yenye undugu wa damu na ngoma, na hip hop imeufuata undugu huo kuliko mitindo mingi iliyoitangulia. Vinanda vya umeme vya bei nafuu vyenye vitufe 61, ambavyo ndivyo vinavyopatikana katika nyumba na makanisa mengi, vinatosha kabisa kwa wimbo huu, ingawa vitufe vyake vyepesi humdanganya mwanafunzi kuhusu uzito atakaoukuta siku atakapokaa mbele ya piano kamili yenye vitufe 88.

Mkono wa kushoto hauhitaji maelezo marefu. Kwa anayeanza inatosha kushika la ya chini kwa kipimo cha kwanza na mi ya chini kwa kipimo cha pili, akiwa ameshaujua mkono wa kulia kiasi cha kuweza kuzungumza huku akiupiga.

Penye kuhitaji subira ni matumizi ya metronomu, kile kifaa, au programu ya simu, kinachogonga kwa kasi isiyobadilika. Mwanafunzi aanze kwa kasi ya 60, apande kidogo kidogo, na akifika 93 bila kuteleza afanye jambo ambalo walimu wengi hulisahau: aipunguze metronomu hadi nusu na kuichukulia milio yake kuwa ni pigo la pili na la nne, mahali ambapo katika hip hop hulia snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Kwa mpangilio huo kifaa hakimwonyeshi tena mahali pa kuanzia kipimo, na pigo la kwanza analazimika kulibeba mwenyewe kichwani. Atapotea mara nyingi, ataanza upya, na siku milio ile itakapoanza kusikika kana kwamba kuna mpiga dramu chumbani, atakuwa amefika mahali ambapo miezi ya kupanda na kushuka ngazi za sauti haikuwahi kumfikisha.

Kuna wanaosema kwamba kurudia vipimo viwili kwa dakika nne ni kumdumaza mwanafunzi. Hoja hiyo inasahau kwamba katika hip hop ala haijakamilika bila mchanaji, yaani mtu anayeghani mistari juu ya mdundo, na kwamba kazi ya mpiga kinanda ni kumjengea mwenzake sakafu isiyotikisika. Wapiga vinanda wa Tanzania na Kenya waliolelewa makanisani wanaifahamu vizuri adabu hiyo ya kumsindikiza mwimbaji bila kumfunika, na wapo waliovuka kutoka kwenye kwaya hadi studio za bongo fleva, muziki ambao wenyewe ulianza vijana wa Dar es Salaam walipoanza kuchana kwa Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani. Kumpa mwanafunzi mwenzake wa kughani naye, hata kama ni ndugu yake mdogo anayesoma shairi la shuleni, kunamfundisha kusikiliza huku mikono ikifanya kazi, na hilo mwanafunzi wa piano anayejifunza peke yake hulipata kwa shida.

Usawa wa mapigo, pamoja na yote hayo, ni hatua ya kwanza tu ya elimu ya mwendo. J Dilla, mtayarishaji wa Detroit aliyefariki mwaka 2006, alijulikana kwa kuziacha dramu zake zichelewe au ziwahi kwa kiasi kidogo sana badala ya kuiruhusu mashine izinyooshe, na mashine yake ya kutengenezea midundo, MPC, sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Mpiga piano Robert Glasper, mzaliwa wa Houston ambaye albamu yake "Black Radio" ilitoka mwaka 2012, ni miongoni mwa walioichukua hali hiyo ya kuyumba kwa makusudi na kuiweka katika vidole. Asiyeweza kupiga sawasawa, hata hivyo, hawezi kuyumba kwa makusudi. Atayumba kwa bahati mbaya, na tofauti kati ya mambo hayo mawili husikika.

Mwanafunzi akishaimudu "Still D.R.E." juu ya vitufe vyeupe, hatua yenye faida kuliko kukimbilia wimbo mwingine ni kuihamisha do, kama mwalimu wa kwaya anavyofanya sauti za kwanza zinaposhindwa kupanda. Mchanaji mwenye sauti nzito anaweza kuomba wimbo ushuke, na mpiga kinanda akiifanya do kuwa G badala ya C, kodi ya kwanza itakuwa G, B na E, kidole cha juu kitashuka mwishoni kutoka E hadi D kama kawaida, lakini gumba likishuka kutoka do hadi ti litakuta F nyeupe iko chini mno kwa nusu hatua, na kwa mara ya kwanza litalazimika kupanda juu ya kitufe cheusi.